Bendera Inashuka, Kaski Yangu Inasema

Leo nimefedheheka. Mbele ya bendera ya taifa. Kwa sauti yangu mwenyewe.

Nawaandikia kwa simu ya dada yangu Solange (yangu ina mahali ilipo, mtaelewa baadaye). Sijui kama nina aibu au nina furaha, maana vyote viwili vimelala kitanda kimoja. Kama ulipita Makiso, katikati ya mji, leo jioni, huna haja ya kusoma. Wewe ulikuwepo. Nilikuona ukiuma midomo.

Basi nianze mwanzo.

Mnajua kwamba pikipiki nilijifundisha mwenyewe, kule Bunia, kwenye uwanja wa mpira nyuma ya nyumba ya shangazi. Hakuna aliyenishika mkono. Nilianguka, nikasimama, nikajiuliza nimeanguka kwa nini, kisha nikaanguka tena kwa njia bora zaidi. (Ndivyo nilivyo. Hata kuanguka nataka nianguke vizuri.) Nilipohamia hapa Kisangani kwa dada, shemeji akaniazima pikipiki yake kwa sharti moja: "Furaha, ukipata jile, inabaki na wewe. Ukikosa, Jumatatu inaenda Banalia kubeba ndizi."

Jile ni kile kizibao cha rangi ya machungwa chenye namba mgongoni. Bila jile, hakuna parkingi, yaani kituo cha pikipiki, itakayokuruhusu kupakia abiria. Na hupewi hivi hivi. Parkingi yetu ya karibu na soko ina rais wake, Papa Bosongo. Rais anapanda nyuma yako, mnazunguka mji, mkirudi anasema ndiyo au hapana. Leo ilikuwa zamu yangu. Mwanamke wa kwanza pale parkingi!

Kila motari (dereva wa pikipiki ya abiria) aliniambia jambo lile lile: Papa Bosongo atakuuliza habari ya simu. Simu ndiyo ugonjwa wake. Zamani dereva wake mmoja aliingia mtaroni pamoja na mama wa mayai, huku akimwambia mchumba wake "niko makini, mpenzi".

Kwa hiyo nilijiandaa. Nilijiandaa mno! Kila dereva aliyefika mjini kutoka mbali nilimfuata, nikamuuliza kwao wanafanyaje. Na nikagundua jambo ambalo lilinifurahisha kuliko inavyofaa kumfurahisha mtu mwenye akili timamu. Sheria kubwa ni moja kwa nchi nzima: simu mkononi huku chombo kinatembea ni kosa. Hapo hakuna ubishi. Lakini sheria ikishatoka Kinshasa inasafiri, na njia zetu mnazijua, kwa hiyo inafika kila mji ikiwa na sura nyingine. Meya anaongeza lake, chama cha mamotari kinaongeza lake, mazoea yanamalizia.

Kule Bunia nilikojifunza, tulichomeka simu kati ya kaski (helmeti) na sikio. Ukisimamishwa na polisi, unaonyesha mikono yako miwili kwenye usukani: simu iko wapi, chef? Dereva mmoja wa lori aliniapia kwamba Goma hata waya za masikioni zinakuletea kesi. Wa Isiro akasema kwao unavumiliwa ukijibu "niko njiani", mradi ukate hapo hapo. Wa Banalia alicheka tu: "Dada, njia nzima hakuna mtandao. Kwetu sheria inajitekeleza yenyewe."

Na hapa kwetu? Parkingi yetu ina sheria kali kuliko zote. Simu isionekane. Ikilia, unasimama, unaweka mguu chini, unazima injini, ndipo unaongea. Ukikamatwa, simu inatundikwa kwenye msumari wa kibanda wiki nzima, kila apitaye anaiona, kama samaki wa kuuzwa.

Yote haya niliyajua kichwani. Tatizo ni kwamba kichwa changu kikiogopa kinamwaga kila kitu, kama ndoo iliyotoboka. Ndipo nikapata wazo. (Hapa ningekuwa na rafiki wa kweli, angenifunga kamba.)

Simu yangu ni moja tu, ya zamani, nami nikaitoa kadi. Nikajirekodi ndani yake maelekezo yote ya mtihani, kwa sauti yangu, polepole, kama mwalimu anayenipenda. Nitaichomeka ndani ya kaski, inizungumzie njia nzima. Je, si kosa? Nilijiuliza swali hilo kwa haki kabisa. Nikajijibu: simu isiyo na kadi haipigi wala haipigiwi. Kitu kisichopigiwa ni redio. Na redio, katika miji yote niliyoulizia, sikusikia aliyeikataza. Nilijipongeza. Kwa kweli nilijipa mkono.

Kisha, kwa kuwa sipendi kazi ya kukisia, nikaenda kupima sauti kando ya mashini ya kusagia muhogo ya jirani. Ni sauti ya juu kabisa tu iliyoishinda ile mashini. Vizuri. Nikaiacha hapo hapo, juu kabisa.

Alasiri nikafika parkingi. Mamotari wote walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao kama majaji. Papa Bosongo alikuwa amevaa kofia yake ya nguo na shati lililobana tumboni. Kando yake alisimama Djuma, katibu wa parkingi, kijana wa zile familia za zamani za wafanyabiashara Waislamu, shati limepigwa pasi utafikiri anaenda harusini. Djuma ndiye shahidi: anafuata nyuma kwa pikipiki yake, anaangalia makosa. (Kuhusu Djuma sina la kusema hapa. Tuendelee.)

"Ma Furaha," Papa akaanza, "uko unapeleka mutu, telefone inalia. Unafanya nini?"

"Papa, inategemea tuko mkoa gani."

Parkingi nzima ikaangua kicheko.

"Tuko Kisangani, mama! Ulishaona mutu anakodisha pikipiki ya soko mpaka Goma?"

Lakini mimi nilikuwa nimeshafunguka. Nikamwaga yote: Bunia na mikono miwili, Goma na waya, Isiro na "niko njiani", Banalia na mtandao wao. Nilipofika kwenye msumari wa parkingi yetu, nilikuwa naongea huku nimenyoosha kidole juu.

"Yesu! Professeur!" mmoja akapiga kelele. "Ile code yote ya barabara uliimeza na maji ao na pombe?"

"Bon," Papa Bosongo akasema, naye akipanda nyuma yangu, pikipiki ikashuka kidogo. "Kichwa inajua. Sasa tuone mikono."

Nikavaa kaski. Nikajifanya narekebisha mkanda, nikabonyeza. Nikawasha injini.

*Furaha, pumua,* ikasema sauti yangu sikioni. *Kioo cha kushoto. Kioo cha kulia. Usianze kama mwizi.*

Sikuanza kama mwizi. Nilianza kama bibi harusi! Jamani, niliendesha. Mashimo niliyapita kwa upole, kama napita watoto waliolala. Baiskeli za toleka, zile za kubeba abiria, zilikata mbele yangu bila kuangalia, nami niliziona kabla hazijajua zenyewe kama zitakata. *Mama mwenye mzigo kichwani hana shingo ya kugeuka, mpishe.* Nikampisha. *Mtu wa toleka haongozi, anaomba Mungu tu, mpishe.* Nikampisha. Nyuma yangu Papa Bosongo alianza kuimba polepole wimbo wa kanisani. Papa anayeimba ni Papa anayeridhika, hilo kila mtu analijua. Kwenye kioo nilimwona Djuma akitikisa kichwa kwa kukubali.

Nililiona jile. Nililiona kabisa, namba yake na kila kitu.

Tukaingia barabara ya ofisi ya komini, yaani serikali ya mtaa. Jua lilikuwa limeshuka upande wa mto, watu wanatoka kazini, njia imejaa. Na ghafla, muujiza. Njia ikafunguka! Magari yamesimama. Pikipiki zimesimama. Mama wa makayabu, beseni lake la samaki wa chumvi kichwani, amesimama ukingoni bila kuvuka. Kijana wa toleka amesimama mguu mmoja hewani. Na mimi peke yangu napita katikati yao, laini, mwepesi.

Nikasema moyoni: ona, wananipisha.

(Niacheni kwanza ninywe maji.)

Kwa ninyi mnaosoma kutoka nje: huku kwetu bendera inapandishwa asubuhi na kushushwa jioni, na wakati huo filimbi inalia. Filimbi ikilia, kila kitu kinasimama. Unazima chombo, unashuka, unavua kofia, unanyooka kama msumari mpaka filimbi ya pili. Hutikisiki. Hukohoi. Ukitembea, utajieleza kwa polisi, na kueleza si rahisi. Kila mtoto wa mji huu anaisikia filimbi ile hata akiwa usingizini.

Mimi sikuisikia. Nilikuwa najisikiliza.

Papa Bosongo akanifinya bega. "Bendera!" akanong'ona kwa meno yaliyofungwa. "Furaha, bendera! Unatuua!"

Nikafunga breki. Kitu kikubwa, chenye joto, kikanisukuma mgongoni mpaka kifua changu kikabusu usukani. Tukasimama. Wapi? Katikati kabisa ya barabara, mbele ya mlingoti, hatua chache kutoka kwa polisi aliyeshika kamba. Nikazima injini. Tukashuka. Papa akavua kofia yake. (Kaski je, ni kofia? Hilo sikuwa nimewauliza madereva!) Nikaogopa kuinua mikono. Nikanyooka. Mikono mapajani. Macho mbele.

Kimya. Jioni nzima ya Makiso, kimya. Unasikia kamba ikikwaruza mlingoti.

Na unasikia hii:

*...na ukifunga breki ghafla, kaza mikono, kwa sababu tumbo la Papa Bosongo litafika mbele kabla ya Papa Bosongo mwenyewe.*

Mnakumbuka sauti niliyoipima kwenye mashini ya muhogo? Ndiyo hiyo hiyo. Ila sasa mashini haikuwepo.

Damu yangu ilienda Banalia na kurudi. Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza: kuinua mkono, kuizima, na kukamatwa kwa kutikisika mbele ya bendera. Ya pili: kusimama na kujisikiliza. Mikono ilikataa kuchagua. Ilibaki mapajani, mizuri, imenyooka, kama ya mwanafunzi bora.

*Akisema mzaha, cheka,* kaski ikaendelea, kwa ile sauti ya mwalimu anayenipenda. *Cheka hata kama hauchekeshi. Hasa ule wa nyani na mkate. Anaupenda, na hakuna mtu mwingine anayeupenda.*

Mama wa makayabu alifumba macho. Beseni kichwani mwake likaanza kutetemeka. Polisi wa kamba alikuwa anatazama juu kwa nguvu zote, kama mtu anayemtafuta Mungu. Nikafikiri: shavu! Shavu si mkono. Hakuna atakayeona shavu. Nikavimbisha shavu la kulia polepole, nikagusa kioo cha simu.

Rekodi ikarudi nyuma.

*...tumbo la Papa Bosongo litafika mbele kabla ya Papa Bosongo mwenyewe.*

Kijana wa toleka, aliyekuwa bado ana mguu hewani, akatoa sauti ndogo, kama chai inayochemka.

Na bendera? Siku nyingine inashuka kama jani. Leo kamba ilikwama. Bendera yetu ikabaki katikati ya mlingoti, inapepea, inasikiliza pamoja na wengine. Polisi akavuta. Haikushuka. Akavuta tena.

*Usimwambie mtu kwamba kaski ni ya kuazima. Usimwambie mtu kwamba unaogopa daraja. Tabasamu, lakini usionyeshe ufizi, una ufizi mwingi.*

Nyuma yangu nilisikia pumzi za Papa Bosongo. Nzito. Za kukatika. Mwili wake wote ulikuwa unatetemeka, nilihisi hewa ikitikisika mgongoni. Hasira, nikasema. Hiyo ni hasira ya rais. Kwaheri jile. Kwaheri pikipiki. Karibuni ndizi.

Bendera ikajinasua. Ikashuka. Polisi akaipokea, akaanza kuikunja. Vizuri, kunja. Kunja baba, kunja haraka!

*Na sasa,* kaski yangu ikasema, baada ya kupumzika kidogo, kwa sauti laini ambayo sikujua kama ninayo, *kuhusu Djuma...*

Filimbi!

Nilijipiga kofi la sikio ambalo mpaka sasa linalia. Ikazimika. Lakini barabara ndiyo kwanza iliwaka. Sijawahi kusikia mji ukicheka hivyo. Dereva wa teksi alilalia honi yake. Mama wa makayabu alitua beseni chini, akakaa juu ya ukingo, akapiga mapaja: "Mama na ngai! Tumbo inafika mbele! Tumbo inafika mbele!" Mtu wa toleka alianguka na baiskeli yake, taratibu, bila kujitetea.

Djuma akaja, kaski yake mkononi, uso umenyooka kabisa.

"Kuhusu Djuma, nini?"

"Hakuna," nikasema.

"Ilisema 'kuhusu Djuma'."

"Kuna Djuma wengi."

Polisi naye akafika, bendera imekunjwa kwapani. "Mademoiselle, ni nani alikuwa naongea mu bendera?"

"Ni mimi, chef. Lakini si mimi."

"Ile kitu iko mu kaski ni telefone?"

Na hapo, jamani, badala ya kuomba msamaha kama mtoto wa watu, nilifungua mdomo na mikoa yote ikatoka. Kwamba haina kadi. Kwamba kwa hiyo ni redio. Kwamba kule Bunia wanaangalia mikono, na mikono yangu ilikuwa kwenye usukani, na Isiro pia...

"Dada," akanikata, "apa iko Bunia?"

"Hapana, chef."

"Iko Isiro?"

"Hapana, chef."

"Chef, muache," ikasema sauti nyuma yangu. Nikageuka. Papa Bosongo alikuwa anajifuta macho kwa kofia yake. Machozi! Yale matetemeko hayakuwa hasira. "Huyu mutoto hakutikisika hata kidole. Mwenye alitikisika mbele ya bendera ni mimi. Kama unakamata, kamata hii tumbo."

Polisi akaliangalia tumbo. Akaenda zake haraka, mabega yakiruka.

Kurudi parkingi, Papa alishika usukani mwenyewe. Mimi nikakaa nyuma, abiria kwenye mtihani wangu. Hakuimba. Habari ilikuwa imeshatutangulia (sijui kwa njia gani, labda kwa simu). Mamotari walisimama mstari, mikono mapajani, macho mbele, kimya. Wote! Wakanisalimu kama bendera.

Papa akazima injini.

"Furaha, unaendesha muzuri. Nilikuwa naimba, ulisikia?"

"Nilisikia, Papa."

"Mimi ulisikia. Kaski ulisikia. Filimbi hukusikia." Hakuwa anacheka tena. "Unajua sheria ya Goma, unajua ya Bunia, unajua ya batu ya Isiro. Filimbi ya komini yako, watu yote wanasimama, weye unawaza wanakupisha. Ingekuwa si filimbi? Ingekuwa ni mutoto analia mbele ya tairi?"

Nikaliangalia tairi la mbele.

Aliingia kibandani, akatoka na jile langu. Jipya, bado linanuka duka. Akalining'iniza msumarini. Akanyoosha mkono, nikampa simu. Akaiweka juu ya jile, msumari ule ule.

"Wiki moja. Kila jioni utasimama pale kona, bila telefone, bila redio, bila mwalimu. Weye ndiye sikio ya parkingi. Filimbi ikilia, unapiga kelele 'bendera', sisi yote tunasimama. Siku hata moja motari wangu akatembea mbele ya bendera, jile inarudi dukani. Wiki ikiisha muzuri, unashusha vyote viwili." Akavaa kofia yake. "Na ile ya nyani na mkate inachekesha. Hamuna akili tu."

Nikacheka. Sana. Ufizi wote nje.

Nilipofika nyumbani, shemeji alikuwa amelala chali sebuleni, anashika mbavu. Alikuwa ameshaambiwa, tena na zaidi ya mtu mmoja. Nikamuuliza habari ya Banalia. Akajaribu kunijibu, akashindwa, akanionyesha kidole kimoja: wiki moja. Ndizi zitasubiri.

Kwa hiyo, wapendwa, msinicheke sana. Kesho jioni mtanikuta kona, masikio wazi, nawaza filimbi tu. Nimejifunza: ukikariri sheria za nchi nzima, bakisha sikio moja kwa mtaa wako.

Lakini liko jambo moja linaloninyima amani, na ndilo hasa limenifanya niandike. Simu ile haina neno la siri. Niliwaza, nani anafungia redio? Rekodi inasubiri pale pale ilipokatika, na sehemu iliyobaki ni ndefu kuliko yote mliyoyasikia. Iko msumarini ndani ya kibanda, na ufunguo wa kibanda anao katibu.

Katibu ni Djuma.

Mwenye namba yake, nakuomba, usimtumie hii. Na wewe Djuma, kama imeshakufikia: usibonyeze. Ukishindwa kabisa kujizuia, basi ngoja jioni, bonyeza bendera inaposhuka. Ndio wakati pekee mji huu hauruhusiwi kucheka.